Muulize Mwalimu: Wa 57 naye aitwe jina

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechukua nane tu. Walioniuliza nani alikuwa mchezaji bora wa karne wanisamehe, hilo nawaachia wazee wa kahawa, wana muda na sauti kuliko mimi. Kwa wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilishika chaki miaka 34, nikifundisha historia na jiografia sekondari, na tangu nikiwa kazini hadi leo nimeandika vitabu 14 vya historia ya michezo ya nchi hii. Msishtuke na idadi. Vingine ni vijitabu vya kurasa 48 ambavyo mke wangu anaviita karanga, maana vinaisha kabla hujakaa vizuri.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi mkoani Singida, mwaka wa tano sasa. Nataka kuandika historia ya timu ya mpira ya kata yetu, ambayo wazee wanasema ilitisha enzi hizo, lakini sijasomea uandishi wala historia. Wewe ulianzaje, na mimi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nilianza kwa kukosea, tena mbele ya darasa.

Ilikuwa 1986, Kidato cha Pili, jaribio la Ijumaa. Darasa lilikuwa limechoshwa na Mkutano wa Berlin, nikaona niwachangamshe kwa swali la nyongeza la maksi mbili: Mtanzania wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ni nani? Usiku nikasahihisha karatasi 42 kwa taa ya chemli. Karibu wote waliandika John Stephen Akhwari, nikawapa vema. Mmoja akaandika Filbert Bayi, nikamwekea kosa, tena kwa kalamu nyekundu iliyokolea.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mstari, yule kijana kasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Mkononi ana kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Baba yake alikuwa akikitunza sandukuni pamoja na karatasi za kiwanja. "Mwalimu, naomba maksi zangu mbili."

Nilikisoma nimesimama. Akhwari hakuwahi kupata medali ya Olimpiki. Mexico 1968 alimaliza wa mwisho kwenye marathoni. Medali zetu za kwanza zilikuja Moscow 1980: Bayi alipata fedha kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji tarehe 31 Julai, na Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5,000 tarehe 1 Agosti. Siku moja tu ndiyo iliyomfanya Bayi awe wa kwanza. (Na hadi leo ninapoandika, hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki.) Ilinibidi nikusanye karatasi zote 42 na kufuta maksi za watu. Darasa zima lilininunia mpaka muhula ukaisha, isipokuwa mmoja.

Mchana ule nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu. Kila nilipofungua kurasa mbili zinazotazamana, ya kushoto niliandika juu yake "Nadhani", ya kulia "Nimethibitisha". Kushoto kulijaa kwa wiki mbili. Kulia kuna mistari mitupu mpaka leo. Sijasomea uandishi kuliko hapo.

Sasa wewe. Usianze na ubingwa, anza na mahudhurio. Kuita majina asubuhi unajua, ndiyo kazi yako. Chukua msimu mmoja tu, andika majina ya kumi na moja na wa akiba, na mbele ya kila jina jaza: alicheza namba ngapi, alikuwa akifanya kazi gani, yuko wapi sasa, nani anamfahamu. Jina likikosa maelezo usilifute. Acha nafasi wazi kama unavyofanya kwa mtoro, ipo siku atarudi.

Ukienda kwa mzee, nenda na picha, usiende na swali. Na matokeo usimuulize kabisa, maana hapo ndipo chumvi inapoanzia. Nilikwenda mkoani Tanga kwa golikipa mmoja wa zamani. Nusu saa nzima akanihesabia mabao, mengi kuliko gazeti lilivyoandika, na mimi nikitikisa kichwa tu. Mwishowe nikafunga daftari nikamuuliza, "Siku hiyo mlirudije nyumbani?" Mzee akainuka mkekani. Lori liliishiwa mafuta, wakatembea usiku kwenye mvua, na yeye kama golikipa ndiye aliyekabidhiwa mpira, mpira pekee wa timu, wa ngozi, ule wa kufungwa kamba. Akauvaa ndani ya shati, kwa sababu ukilowa ulikuwa mzito kama boga na kesho yake hauchezeki. Akanionyesha alivyoukumbatia, mikono miwili, kidevu juu yake. Hapo ndipo yalipomtoka majina ya wenzake wote, kwa mpangilio wa walivyokuwa wakitembea barabarani, aliyetangulia mpaka aliyekuwa akichechemea nyuma.

Ukishapata majina ndipo uende magazetini: Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Nyaraka za Taifa Upanga, na sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Kwa mambo ya Visiwani nenda kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Beba penseli na barua ya utambulisho. Siku yangu ya kwanza nilisoma magazeti ya miezi mitatu nikaondoka na mistari minne, nikafurahi kama mtu aliyepandishwa daraja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Temeke tunabishana kila jioni. Mmoja anasema kipigo kikubwa cha watani wa jadi ni cha Yanga kuichapa Simba 5–0, mwingine anasema ni zile sita za Simba. Mimi nimetafuta habari za 1968, Simba siioni kabisa. Tupe jibu, kuna soda mezani.

JIBU: Marahaba. Soda nitaidai. Vipigo vyote viwili vipo: Yanga walishinda 5–0 tarehe 1 Juni 1968, na Simba wakashinda 6–0 tarehe 19 Julai 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Kwa hiyo anayesema sita ndiye mwenye hoja. Simba walipata na tano zao, 5–0, tarehe 6 Mei 2012, na Yanga wakajibu kwa 5–1 tarehe 5 Novemba 2023. Hayo ya karibuni mnayajua, wala hamhitaji mwalimu.

Simba huioni 1968 kwa sababu jina hilo halikuwepo. Klabu ya Msimbazi iliitwa Sunderland mpaka 1971. Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao wengine tulizoea kuuita Shamba la Bibi, leo ni Uhuru. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kwa Kenya na Uganda na Tanganyika ikaingia 1945, ndilo lililokuja kuwa Kombe la Chalenji. Ukitafuta kwa jina la leo utaambiwa hakuna kitu, na utaamini. Ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu una majina ya zamani upande huu na mapya upande ule.

Na kwa kuwa mko wa pande zote mbili hapo kijiweni, mwulizeni mzee yeyote wa Msimbazi habari za Mufulira Wanderers wa Zambia, 1979. Simba walifungwa 4–0 hapa hapa Dar es Salaam, watu wakaenda kulala mapema, kisha wakashinda 5–0 kule Lusaka. Mpeni kahawa kwanza.

Mimi ni wa timu gani? Wanafunzi walinitega miaka 34 wakashindwa.

SWALI: Kaka Mwalimu, habari za kazi. Mume wangu amestaafu ualimu mwaka jana na amepatwa na ugonjwa wako. Chumba cha wageni kimejaa magazeti ya zamani, wageni wanalala sebuleni, na juzi nimeona mchwa. Nikimwambia tuwape wauza maandazi wafungie, anasema nimemvunjia heshima. Nifanyeje? Niko Morogoro.

JIBU: Shemeji, pole. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, na mke wangu kacheka mpaka akaomba namba yako mpeane moyo. Sijampa.

Tuanze na mchwa, maana hao hawasubiri. Magazeti yasikae sakafuni wala yasiguse ukuta. Panga matofali, juu yake mbao, juu yake maboksi, na kati ya boksi na ukuta acha nafasi ya kupitisha mkono, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane ikiwa bado fupi. Majani makavu ya muarobaini na sisi tunaweka, lakini kwa mchwa usiyategemee. Nailoni ya kufunika kila kitu msitumie, unyevu unabaki ndani na ukungu unamaliza kilichobakizwa na mchwa. Kila mwezi maboksi yageuzwe, na ayageuze yeye mwenyewe. Mgongo ukimuuma atapunguza.

Kisha mwambie kilichonipata mimi. Mvua za El Niño, 1997 kwenda 1998, bati lilitoboka juu ya kona moja ya nyumba, na kona hiyo hiyo ndiyo niliyoiamini kwa daftari sita za mahojiano. Wino wa bluu uliyeyuka, kurasa zikawa kama shuka za hospitali. Watatu kati ya wazee waliokuwa humo walikuwa wameshafariki. Mke wangu hakusema neno. Alitoa vibanio vya nguo, akafunga kamba kutoka dirisha hadi mlango, akaanika karatasi moja moja, siku tatu. Zilizosomeka tulizinakili usiku, yeye akisoma na mimi nikiandika, kwa sababu macho yake ni mazuri kuliko yangu. Palipofutika alisema "hapa hapasomeki", nami nikaandika hivyo hivyo: hapasomeki. Tangu hapo mahojiano yote nayaandika kwa penseli.

Kuhusu wageni wako, wekeaneni mkataba. Kwetu boksi jipya halivuki mlango mpaka moja la zamani litoke, na kabla halijatoka kurasa zake zinapigwa picha kwa simu. Pia hana haja ya gazeti zima. Akate ukurasa wa michezo, ila kabla ya kugusa mkasi aandike pembeni jina la gazeti na tarehe. Kipande kisicho na tarehe, shemeji, hicho nakuruhusu, peleka kwa muuza maandazi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Tatu, Mbeya. Tumepewa insha kuhusu Akhwari, tuanze na maneno yake kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio bali kuzimaliza. Rafiki yangu ameyakuta sehemu nyingine yakiwa maili 7,000. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Wote wawili mmenakili vizuri, tatizo liko huko mlikonakili. Chukueni tufe la darasa la jiografia na uzi. Mmoja abane ncha ya uzi Dar es Salaam, mwingine auvute mpaka Mexico City kwa njia fupi kuliko zote, halafu mpime uzi huo kwa skeli ya tufe. Mtapata kama kilomita 15,300, yaani maili 9,500 hivi. Kwa hiyo 5,000 haifiki na 7,000 nayo haifiki. Maneno yamepita mikono mingi na lugha zaidi ya moja, kila aliyeyapokea kaongeza maji yake. Mimi huandika tu kwamba Akhwari alisema hakutumwa kuanza mbio bali kuzimaliza. Siweki maili wala alama za kunukuu. Kilichomfanya aingie uwanjani kinabaki pale pale, na mwalimu wenu hana pa kuwakamata.

Insha yenyewe ijazeni kwa namba zinazoshikika. Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji ulio mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi ni ya kutafuta. Walianza 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari, aliyeanguka njiani akaumia goti, aliingia uwanjani giza limeshashuka, mguu umefungwa bandeji, kwa saa 3:25:27. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hakuna mtu. Sasa fanya hesabu ya darasa la pili: 75 toa 57 inabaki 18. Hao 18 waliishia njiani, na mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964. Namtaja si kwa kumdharau. Namtaja ili ujue mbio zile zilikuwa za namna gani.

Tena msimwache Akhwari pale anapochechemea. Hilo ndilo kosa la insha nyingi, na mimi nimesahihisha insha za Akhwari kuliko mtu yeyote hapa nchini. Miezi 21 baadaye, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2:15:05. Bikila alishinda Roma kwa 2:15:16. Njia hazifanani, najua, na hali ya hewa haifanani, lakini mtu wa namna hiyo hakuwa bahati mbaya iliyovaa bukta. Alikuwa mkimbiaji hasa.

SWALI: Mwalimu, kwa kifupi: kuna pesa? (Mhasibu, Mwanza)

JIBU: Kwa kifupi, hapana.

Kwa urefu kidogo: kitabu cha kwanza nilichapisha nakala 500 kwa akiba yangu. Muuza vitabu mmoja alichukua 120 kwa mali kauli na mpaka leo bado "anakusanya". Nilipostaafu, mke wangu alikikalia kiinua mgongo changu na kuruhusu kitabu kimoja tu, nacho alikisoma kwanza. Vinavyouzika ni vile ninavyobeba mwenyewe begani kwenye UMISETA, mashindano ya shule za sekondari, na wateja wazuri kuliko wote ni watoto wa wanamichezo. Akikuta jina la baba yake ukurasa wa 31, ananunua vitano bila kuuliza chenji. Hata kwa mhasibu, hiyo ni sababu ya kutomsahau mchezaji wa akiba.

SWALI: Mwalimu, nimesoma vitabu vyako vitatu. Wanaume wanakimbia, wanaume wanacheza mpira, wanawake wanapika kambini. Sisi tuliocheza netiboli miaka ya themanini hatukuwa nchi hii? (Mama wa Dodoma)

JIBU: Dada yangu, barua yako ilikaa mezani wiki mbili, maana nilitaka kuhesabu kwanza. Nimehesabu. Kitabu changu cha kwanza kina kurasa 112, na wanawake wamepata mistari tisa, minne kati yake ikiwa ya wake wa wachezaji. Mwalimu akiita nusu ya majina ya darasa lake, mkaguzi anamwandikia barua. Mimi sikuandikiwa mpaka ulipoandika wewe.

Sababu naijua, ingawa si ya kujitetea. Nilifuata gazeti, na gazeti halikuifuata netiboli. Ndiyo maana nilianzia medali zetu Moscow 1980 kana kwamba kabla yake hakukuwa na kitu, wakati Theresia Dismas alikuwa amesharusha mkuki na kurudi na fedha kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville 1965, miaka 15 nyuma. Sawa, si Olimpiki. Lakini sikumtaja popote, hata pembeni. Na Twiga Stars walipofuzu fainali za Afrika za 2010 kule Afrika Kusini, kitabu changu cha mpira kilichotoka baada ya hapo kiliwapa aya moja, nayo imebanwa kwenye ukurasa wa matangazo.

Netiboli haitaandikwa kwa kukaa maktaba, hilo nimelielewa nikiwa nimechelewa. Timu zilikuwa za mashirika ya umma na majeshi, kwa hiyo habari zake ziko kwenye barua za ruhusa kazini, kwenye vyeti, kwenye sketi iliyokunjwa chini ya sanduku. Nitakuja Dodoma mwezi ujao kama utanikaribisha. Usiandae maneno. Toa tu sanduku, na kama kuna wenzako wawili walio hai na karibu, waite. Nitakuja na penseli.

SWALI: Mwalimu, mimi ni askari mstaafu, Arusha, na Februari 1974 nilikuwa na redio sikioni. Kitabu chako kimoja kinasema Bayi alikimbia 3:32.2, kingine kinasema 3:32.16. Chagua moja. Halafu niambie, Olimpiki ya Montreal 1976 angemshinda John Walker wa New Zealand?

JIBU: Afande, heshima yako. Zote mbili ni sahihi, na ni kosa langu kutoeleza. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, saa ya umeme ilisoma 3:32.16. Lakini enzi hizo rekodi ya mita 1,500 iliandikwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, na kinachozidi kinapandishwa juu, ndipo kwenye orodha ya rekodi za dunia ikaingia 3:32.2. Rekodi hiyo ya dunia ilikaa mpaka Agosti 1979 alipoichukua Sebastian Coe. Ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ndiyo iliyonitoa jasho: haikuvunjwa mpaka Birmingham 2022, Oliver Hoare wa Australia, 3:30.12. Miaka 48, Afande. Kijana wa miaka 20 kaondoka mbele mlio unapolia na kubaki mbele mpaka utepe, na alama yake ikakaa mpaka akawa mzee.

Ukiwa unanikagua, kagua na hili kabla hujaliona mwenyewe. Kwenye kijitabu changu cha pili kuna mechi ya zamani niliyoitoa kwenye gazeti la Kiingereza. Gazeti liliandika 4:30 ya alasiri, mimi nikaandika "saa 4:30" na kuendelea na safari. Msomaji mmoja akaniandikia kuuliza kama walicheza kwa karabai. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Siku hizi kila saa ninayokuta gazetini naihesabu kwa vidole kabla ya kuiandika, mzee mzima.

Montreal sasa. Tanzania na nchi nyingine za Afrika zaidi ya ishirini zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand ikaachwa ishiriki Olimpiki. Bayi hakukimbia. Walker alikimbia mita 1,500 na kuchukua dhahabu. Anayetaka Walker ashinde atakwambia alikuwa amempokonya Bayi rekodi ya maili: Bayi aliiweka Kingston, Jamaika, tarehe 17 Mei 1975 kwa 3:51.0, na Agosti 12 mwaka huo huo Walker akaenda 3:49.4. Anayetaka Bayi ashinde atakwambia Christchurch Walker alikimbia chini ya rekodi ya dunia iliyokuwepo na bado akaona mgongo wa mtu. Kuna jioni nazichukua hoja zote mbili na kuzigombanisha mwenyewe. Lakini kitabuni sitaandika. Sisahihishi karatasi ya mtahiniwa aliyezuiwa kuingia chumba cha mtihani.

Barua ya mwisho haina swali. Msomaji wa Mbulu ametuma picha aliyoikuta katikati ya Biblia ya marehemu baba yake, na ameandika mstari mmoja tu: "Labda itakufaa." Ni timu ya mbio ya shule, vijana saba, bukta nyeupe, nyuma yao mti na mwalimu mwenye saa ya kusimamisha shingoni. Mwaka haujaandikwa. Nyuma ya picha kuna majina kwa penseli, mwandiko mzuri wa kiualimu, lakini ni majina sita. Aliyekosekana ni wa tatu kutoka kushoto, mwembamba, kavaa raba mguu wa kulia peke yake. Raba ya kushoto ya jozi hiyo imevaliwa na kijana wa pembeni yake.

Nimewaonyesha wazee wawili wa huko. Kila mmoja alitaja jina bila kusita, na majina hayafanani. Nimeyaandika yote mawili, upande wa kushoto.